Baina ya Mawe Mawili

Shumba Viamboni
Jumatatu, 1 Julai 2024. Asubuhi mawingu, kusi inavuma, rasharasha saa kumi na mbili na nusu, kisha ikakatika.

Wifi yangu Abeer,

Assalaamu alaykum. Furushi lako limefika jana kwa mkono wa Zubeir: bafta yadi nne, kavu, haikuingia maji ya chumvi. Nimeandika kwenye daftari na saa aliyonikabidhi, maana Zubeir husema boti ya Tanga imechelewa, kumbe kashazunguka Wete nzima na mzigo wa watu begani.

Umeniomba nikushonee pwani ya huko kwa ajili ya mteja wako. Nitaishona. Watu wa hapa bado wananicheka kwa kazi hii. Juzi Ruweida jirani kasimama kwenye kamba yangu ya kuanikia, kanambia, "Ummi, wenzako wakishona watu huvaa. Wewe unapika magome, unatia rangi, unakata, unapachika, mwisho unatoa kisiwa! Nani atavaa kisiwa?" Nikamwambia, "Ukuta utavaa. Na ukuta haurudi kuniambia kwapa linabana."

Lakini mahali nisipopajua sijawahi kupashona. Huwa nakwenda, nakaa na daftari, naandika mwanga wa asubuhi, wa adhuhuri na wa jioni, ndipo nachagua rangi. Huko siwezi kufika, kwa hiyo macho ni yako. Niandikie kila kitu, kilipo na kinavyotazama. Picha za simu usinitumie, simu inadanganya rangi. Wala usinipigie kwa jambo hili, kwa sababu ukipiga tu Mama huja kukaa ubavuni mwangu na kuniambia niweke sauti ya juu.

Mama yako hajambo, magoti tu. Kaka yangu Nassor alikuja tena wiki iliyopita. Anasema huu ni mwaka wa sita tangu mume wangu apande ile boti ya karafuu za magendo na isionekane tena, na kwamba Kadhi anaweza kutoa hukumu ya mume aliyepotea, nikae eda yangu, kisha niolewe nikitaka. Mama akamjibu kutoka jikoni, "Karatasi ya kumuua Marhoun haiingii nyumba hino!" Nassor akanywa chai yake akaondoka. Mama wa mtu akisema mwanawe yu hai, mimi ni nani?

Jambo moja nakwambia wewe tu. Kabla ya adhana ya alfajiri nakisikia kikohozi mlangoni. Unakijua, kile cha kaka yako, mara mbili, cha kusafisha koo kabla ya kupiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Nimekiandika: tarehe 3, 11, 19 na 27 Juni. Kila baada ya siku nane. Nimekwenda kutazama kila mara. Si mbuzi.

Wifi yako,
Ummi


Tanga
10 Julai 2024

Wifi yangu wee,

Waalaykumu ssalaam. Barua yako nimeisoma dukani, katikati ya mabaibui, mteja mmoja akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia vumbi la vitambaa. Usinifanyie hivyo, Ummi. Kikohozi hicho Mama asikisikie kwako. Soma Ayatul Kursiyyu ulale.

Haya, mahali. Ni kaskazini ya mji, saa nzima kwa bodaboda, kisha kwa miguu. Unapita mikoko, halafu uwanja wa chumvi, mweupe mpaka macho yanauma. Kuna mivinje mitatu, mmoja umeinama. Kuna mnazi uliokatika kichwa, umebaki kama nguzo. Mbele yake mchanga umeinuka kidogo, na juu yake kuna mawe mawili ya matumbawe, yamechongwa kidogo kwa shoka, si makubwa. Bahari iko nyuma, mbali, haina maneno.

Hayo mawe ndiyo anayoyataka mteja. Mikoko hata ukiikosea hatajua. Mawe usikosee.

Usiniulize mteja ni nani. Ni mtu wa aibu, hapendi kutajwa. Kazi ikikamilika itundike kwanza hapo nyumbani, sebuleni, siku mbili tatu, uione inavyokaa kabla ya kuileta. Fanya hivyo kwa ajili yangu.

Nimesikia kwa shoga yako Hija kwamba mwezi wa Mei uliletewa posa, ya tatu sasa, na umeirudisha. Kwa nini hukuniambia?

Nakupenda,
Abeer


Shumba Viamboni
Jumatatu, 22 Julai 2024. Asubuhi kweupe, baridi, umande mwingi kwenye kamba.

Wifi yangu Abeer,

Sikukwambia kwa sababu hakuna la kuambia. Mwanamke mwenye mume haposwi. Nimeirudisha na kanga zao.

Kazi inakwenda. Mikoko nimeipata kwa magome ya mkandaa, nimeyachemsha siku mbili. Uwanja wa chumvi nimeuacha bafta tupu, nimeuosha kwa shabu tu. Mivinje ni majani ya mkungu yaliyolala majini na misumari yenye kutu, imetoka kijivu inayokaribia nyeusi. Bahari ni buluu ya nili, nimechovya mara moja tu na kukamua haraka, kwa vile umesema haina maneno. Nakutia sampuli humu, zitazame juani, si chini ya taa ya duka.

Mchanga unanishinda. Nimeutia manjano na mkandaa kidogo, rangi ya mchanga wa jioni. Mara ya kwanza ukakubali wote isipokuwa sehemu moja, pale yatakapokaa mawe. Pamebaki peupe, parefu, kama mtu kajinyoosha juu ya kitambaa kikiwa kibichi. Nikadhani mkunjo. Nikapiga pasi, nikatia tena. Vilevile. Mara ya tatu nikatumia kitambaa kingine kabisa cha furushi lako. Vilevile, Abeer. Miaka kumi na minne natia rangi, sijaona.

Nijibu haya kwa namba: Mawe yana hatua ngapi baina yake? Kivuli cha mnazi asubuhi kinaangukia jiwe lipi? Moja liko upande gani wa jingine?

Na la nyumbani. Unajua Mama kila Alhamisi baada ya Alasiri hujifungia chumba cha Marhoun kusoma Yasin. Siku zote najua anamwombea arudi salama. Alhamisi iliyopita nilipita mlangoni na beseni, nikamsikia amemaliza kusoma, anazungumza. Anasema, "Leo nimepika papa, wa nazi, chumvi ndogo. Ummi kala vizuri. Miguu yangu tu, mwanangu." Kwa sauti ya mtu anayempa habari mtu aliyekaa karibu. Akanyamaza kama anasikiliza. Nami nikajikuta nimesimama na beseni, nasikiliza vilevile.

Anazeeka. Nimeandika hivyo kwenye daftari: Mama anazeeka.

Kikohozi: tarehe 5, 13 na 21 Julai.

Wifi yako,
Ummi


Tanga
31 Julai 2024

Ummi,

Nimekwenda Jumapili kwa ajili ya maswali yako, jua kali, miguu imejaa miiba ya mikokoni. Usiseme sikufanyii kazi.

Hatua sijui kuhesabu sawasawa, mimi mguu wangu mfupi, kwa hiyo nimechukua uzi wa cherehani nikaunyoosha kutoka jiwe hadi jiwe nikaukata. Ndio huo, nimeufunga kwenye kadi. Jiwe moja liko jua linakotoka, la pili liko jua linakotua. Kivuli cha mnazi asubuhi kinalifikia lile la machweo.

Kumepiga upepo, mchanga ulikuwa umefukia jiwe moja hadi nusu. Nilivua viatu, nikatoa salamu, nikazunguka kwa upande wa miguuni nisije nikapita juu, nikalifukua kwa mikono. Sasa liko sawa.

Sampuli ni nzuri. Bahari ni hiyohiyo. Peupe pale mchangani paache, usipatie rangi tena.

Mama husema nini ukimtajia Kadhi? Na wewe, kama ungepata njia, ungekwenda wapi? Naulizia tu.

Abeer


Shumba Viamboni
Jumatatu, 12 Agosti 2024. Asubuhi upepo mkali, hakuna kitu kinachokaa kwenye kamba.

Abeer,

Uzi wako nimeupima. Ni yadi mbili na shibiri moja.

Mzee Mwalim, anayechimba makaburi hapa kwetu, nilimwendea Jumatano nikajifanya naulizia kwa ajili ya picha. Nikamwuliza kaburi la mtu mzima hukatwa urefu gani. Akacheka, "Wewe sasa utatuzika kwa viraka!" Kisha akanijibu: hukatwa kimo cha mtu, na shibiri ya nafasi. Nikamwuliza huelekea wapi. Akanitazama kama mtoto wa chuoni aliyesahau alifu. "Kibla chetu ni kaskazini, Ummi. Maiti hulala kwa ubavu wa kulia akitazama kibla. Kichwa mawio, miguu machweo."

Nilipomshonea Marhoun kanzu ya harusi nilimpima kutoka bega hadi kifundo. Kisha kwa utani nikampima mpaka utosini. Nimelitafuta daftari la mwaka ule, lipo, ukurasa haujaliwa na mende. Yadi mbili kamili.

Mtu havui viatu kwa ajili ya mawe. Mtu hatoi salamu kwa mawe. Wala mawe hayana upande wa miguuni.

Najua unaogopa kitu, mwandiko wako unapinda. Sikuombi uandike. Nakutia humu vitambaa viwili, kimoja cha nili, kimoja bafta nyeupe. Kama aliyelala baina ya mawe hayo si ninayemdhania, nirudishie cha nili. Kama ndiye, nirudishie cheupe.

Zubeir anaondoka kesho. Anarudi Jumatano ya wiki ijayo.

Ummi


Tanga
20 Agosti 2024

Wifi yangu,

Sina la kuandika, na unisamehe. Nakurejeshea kitambaa.

Abeer


Shumba Viamboni
Jumatatu, 2 Septemba 2024. Asubuhi kumetulia, joto limeanza, hakuna wingu.

Abeer,

Kitambaa cheupe kimefika. Nilikikalia siku kumi, nikimaliza kazi. Niliendelea kuchemsha magome, nikaendelea kumpelekea Mama uji, nikaendelea kumwitikia. Sikuwa na cha kufanya kingine isipokuwa kile nilichokuwa nakifanya. Peupe pale mchangani sikupatia rangi. Nimeyapachika mawe mahali pake, nikiyashona kwa uzi wako uleule.

Jana saa nne asubuhi niliitundika sebuleni kama ulivyoniagiza. Sasa nafahamu kwa nini uliniagiza. Sikumwita mtu. Mama katoka chumbani na tasbihi yake, kasimama mbele ya ukuta. Kasimama kiasi cha kusoma Fatiha mbili. Kisha:

"Kuno ni wapi?"

"Pwani ya Tanga, Mama."

"Nkono huu umefika lini Tanga?"

"Haujafika. Nimeelekezwa."

"Abeer kavunja kiapo."

"Hakuvunja. Hakuniandikia neno hata moja. Kaniambia mikoko, kaniambia mivinje. Mengine nimeshona mwenyewe."

Akakaa chini palepale, si kwenye kiti, chini. Akasema, "Ntoto wangu yumo hapo, Ummi. Naona mpaka pale mchanga ulipoinuka."

Nikamwuliza tangu lini anajua. Akasema tangu mwezi uleule. Ile safari yake ya Tanga ya kutibiwa macho, Abeer! Mimi nilimfungia maandazi ya njiani. Mimi nilimvalisha viatu. Alikwenda kuliona kaburi, akakuapisha wewe palepale kwa Msahafu, usiniambie kwa ulimi wala kwa kalamu, akarudi akanambia macho yanaendelea vizuri.

"Kwa nini, Mama?"

"Ungelikwenda. Ungelikaa eda yako miezi mine na siku kumi, ungelifunga nguo zako, Nassor angelikuja na gari. Mie n'gelibaki na nani? Abeer ana wake, ana duka, ana Tanga yake. Ukimngoja yeye, umebaki na mie."

"Miaka sita, Mama."

"Naijua. Wewe ulikuwa ukiihesabu kumngojea. Mie n'lkuwa nikiihesabu kwa kukuibia. Kila Ijumaa ukitia wanja, n'lkuwa naingia ndani kulia. Sasa unitukane, nimekaa hapa."

Sikumtukana. Nilichukua kikombe kilichokuwa mezani nikakipiga ukutani, halafu nikafagia vigae vyote, kwa sababu Mama hutembea peku. Nikaenda uani nikakaa na mapipa ya rangi mpaka Magharibi. Ruweida kachungulia kanambia, "Leo pipa gani hilo lisilochemka?" Nikamwambia niache, Ruweida. Akaniacha. Hajawahi.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Shehe Abrahman. Nilitaka kujua naanza lini eda. Nilikuwa nimeshaandaa: nguo gani niweke, chumba gani nikae, nani atanichotea maji. Shehe akaniuliza tarehe ya kifo. Sikuwa nayo kamili, nikamwambia Novemba ya mwaka elfu mbili na kumi na nane. Akainamisha kichwa. Akasema eda ya mfiwa huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, awe mke amejua au hakujua. Yangu imeshakwisha, zamani. "Huna eda, mwanangu. Haikudai kitu."

Nimerudi nikafungua daftari la 2019. Nimehesabu kwa mwezi mwandamo. Eda yangu ilikwisha baina ya tarehe 20 na 25 Machi. Tarehe 23, Jumamosi, nimeandika: "Harusi ya Hija. Nimepakwa hina mpaka viwikoni. Nimevaa nyekundu. Nimecheza." Yaani nilikuwa mjane nikicheza. Na siku nilipotoka eda hakuna aliyenimwagia maji, hakuna aliyenivalisha nguo mpya, hata mimi mwenyewe sikujijua.

Hii mmeniibia nyinyi wawili, na sijui unairudishaje. Mama nampikia na kumjibu anaponiuliza. Wewe sijui nikwambie nini.

Kikohozi: tarehe 22 na 30 Agosti. Sikwenda kutazama.

Ummi


Tanga
10 Septemba 2024

Ummi,

Kwa kuwa Mama kasema mwenyewe, kiapo kimenitoka. Nakuandikia yote, usome hata kama utaichana.

Boti ilizama usiku wa kuamkia Jumatatu, 12 Novemba. Yeye alipatikana Jumatano asubuhi, tarehe 14, na watu wa kijiji kile cha mikokoni. Hawakumjua. Hakuwa na karatasi yoyote, magendo hayaandikwi. Wazee wakamwosha, wakamsalia, wakamzika Adhuhuri ileile pale palipoinuka, kwa sababu makaburini kwao palikuwa pamejaa maji. Nakwambia haya ujue: alioshwa, alisaliwa, hakuzikwa kama jongoo.

Mimi nilikuwa nazunguka vijiji vyote kuulizia. Nilifika pale siku ya kumi. Mama mmoja, Mwanapili, akanitolea kofia aliyokutwa nayo marehemu mfukoni mwa shati. Ni kofia uliyomdarizi wewe. Ile uliyoacha ua moja pembeni bila kulimaliza, ukasema utalimaliza akirudi. Nilikaa na Mwanapili siku nzima, simu mkononi. Nilitaka kukupigia wewe. Nikampigia Mama kwanza, kwa sababu ni mama. Hilo ndilo kosa langu. Baada ya hapo yote yalikuwa yake.

Alipokuja niliweka mawe mbele yake, nikaapa mbele yake. Nilidhani ataniambia baada ya mwezi mmoja, nenda kamwambie. Mwezi ukawa mwaka. Kila nikikupigia, yeye yuko pembeni na sauti ya juu. Nikawa nakutajia bei ya nyanya. Nilipojua umerudisha posa ya tatu, nikasema sasa nina mkono katika kumzika mtu mwingine tena, huyu akiwa hai. Nikanunua bafta.

Hakuna mteja, Ummi. Umeshalijua hilo.

Sikuombi unisamehe mwezi huu. Nakuuliza tu, nije? Ukisema nisije, nitakaa. Kofia ninayo, haijaguswa.

Abeer


Shumba Viamboni
Ijumaa, 20 Septemba 2024. Asubuhi mawingu mepesi upande wa Konde, hakuna upepo, moshi wa majiko unapanda wima.

Abeer,

Barua yako sikuichana. Nimeisoma mara nne na mara moja nimemsomea Mama, neno kwa neno, hata pale unapomlaumu. Nilipofika kwa Mwanapili kaniambia, "Rudia." Nikarudia. Kisha kaniambia, "Aliyemwosha, Abeer hakumuuliza jina?" Hukumuuliza? Niambie, anataka kumwombea.

Jumanne Mama alijitanda baibui bila kuniaga, akashika fimbo, akaenda mwenyewe kwa Shehe Abrahman. Mtu ambaye magoti yake hayafiki kisimani. Nilipomkuta alikuwa njiani anarudi, kakaa juu ya gogo, anahema. Nikamwuliza alikwenda kutafuta nini. Akasema, "Nimekwenda kusema. N'lificha mie, nitasema mie. Usije ukatafunwa na watu wewe kwamba ulikuwa ukijua."

Akasema tena, bila kunitazama, "Na ukitaka kwenda kwenu, nenda. Sina tena cha kukuzuilia."

Nikamwambia, "Mama, sasa hivi unataka kunyanyuka au unataka kukaa?" Akasema kukaa. Tukakaa.

Nimemwambia ninavyotaka: kwanza nitakwenda Tanga, nione mahali nilipopashona. Wewe utakuja kukaa naye nikiwa huko, na utakaa mpaka nirudi, hata nikichelewa mwezi, hata nikichelewa miezi minne na siku kumi. Duka lako lifunge. Baada ya hapo nitaamua mimi naishi wapi, na hakuna atakayeniuliza kwa sauti ya juu ya simu. Hilo ndilo jibu la swali lako. Njoo.

Leo mchana nilikuwa uani, mikono yote imo kwenye pipa la nili, natia bafta ya kazi nyingine, ya mwalimu mmoja wa Wete anayetaka bonde la mpunga. Sala ya Ijumaa ikaisha. Ilizoeleka kipaza sauti kuzimwa hapo. Hakikuzimwa. Shehe Abrahman akasema, "Ndugu zangu, msitawanyike. Tunamsalia ghaibu ndugu yetu marehemu Marhoun bin Ghassan, aliyefariki baharini na kuzikwa ugenini."

Sijawahi kulisikia jina lake likitanguliwa na neno lile. Mtaa mzima ulilisikia kwa mara moja. Ruweida akatoka kwake na mwiko mkononi, akaja mpaka kwenye ukuta wa ua, akanitazama, mdomo wazi, kisha akaweka mwiko chini, akaingia, akanishika mabega kwa nyuma. Hakufanya utani wowote. Nikasikia takbira ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Sala ya jeneza ni fupi, Abeer. Haina rukuu wala sijida. Unasimama tu, kisha imekwisha.

Mama alikuwa kwenye mlango wa nyuma, ameshika fremu. Wanawake wakaanza kuingia, wawili, watatu, kila mmoja anamwendea yeye kwanza kumpa pole, na yeye kila mmoja anamwelekeza kwangu kwa kidevu. "Mpeni Ummi. Mie nilishalia. Huyu ndiye mfiwa wa leo."

Wakanipa pole, mikono yangu ya buluu mpaka viwikoni. Nikawaitikia mmoja mmoja. Hija alikuja na mwanawe, akanikumbatia mpaka rangi ikamwingia kwenye kanga. Nikamwambia, nguo yako. Akasema, iache.

Jumamosi, 21 Septemba. Asubuhi mvua kidogo, nyepesi, ya kwanza tangu Agosti.

Naongeza mistari hii kabla Zubeir hajaja. Jana, wanawake wakiwa bado wamejaa sebuleni wanasoma, nilimwambia Mama nimechoka. Akaniambia, "Nenda. Hapa nipo mie." Niliingia chumbani nikajilaza juu ya kitanda na nguo zangu za kazi, bila kufunga dirisha, nikiwasikia. Sikuwahi kulala mchana tangu nilipoolewa. Nimeandika kwenye daftari, nawe nakuandikia: nililala saa nane na robo.

Ummi